Jinsi ya kutengeneza mwenyewe tenki dogo la akriliki la maji chumvi na matumbawe

Kila wiki maswali ni yale yale. Silikoni ya madirishani inafaa? Shiti ya milimita tatu itahimili? Maji naweza kuchota ufukweni hapa mjini? Samaki naweka lini? Nimeamua kuandika yote sehemu moja, kuanzia akriliki ikiwa bado na karatasi yake mpaka tumbawe la kwanza limefunguka. Nazungumzia tenki dogo lenye kama lita 30 za maji halisi, na naongea na mtu anayeishi huku kwetu pwani, Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, maana miongozo mingi ya nje inakufundisha kupasha maji moto wakati huku kinachoua matumbawe ndani ya nyumba ni joto.

Majibu ya haraka kwanza. Silikoni haishiki akriliki, itabanduka siku ambayo hujajiandaa. Milimita tatu hapana. Maji ya ufukweni mjini hapana. Samaki sio mwezi huu.

Akriliki ni hii mafundi wa mabango wanaiita pespeksi. Uzito wake ni kama nusu ya kioo, haipasuki ovyo ukiigonga, na ukiiunganisha vizuri vipande vinayeyukiana vinakuwa kitu kimoja. Ubaya wake inachubuka haraka, hilo ulijue kabla hujatoa hela.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usianze na nusu ya vitu ukisema vingine utanunua njiani, hasa kwenye kuunganisha, ukishamwaga gundi hakuna kusimama.

- Akriliki ya milimita 8, ya kasti (iliyomiminwa kwenye kalibu), isiyo na rangi
- Gundi ya akriliki nyepesi inayotiririka, mfano Weld-On 4, na nzito kidogo kama Weld-On 16 ya kuzibia
- Bomba la sindano na sindano nyembamba
- Msasa wa maji namba 220, 320 na 400, na kipande cha kioo bapa cha kuuzungushia
- Skwea ya seremala, rula ya chuma, masking tepu
- Nyuzi nyembamba za shaba, menya waya laini wa umeme utazipata humo ndani
- Ubao wa plaiwudi wa milimita 18 na kipande cha foma cha sentimita moja cha kulalia tenki
- Pampu ndogo ya kuzungusha maji, lita 600 mpaka 900 kwa saa
- Taa ya LED ya matumbawe yenye mwanga wa bluu na mweupe, wati 25 hadi 30 inatosha
- Feni ndogo mbili kama zile za kompyuta, pamoja na kipimajoto
- Refraktomita ya kupimia chumvi
- Vipimo vya amonia, naitraiti, naitreti na alkalini
- Chumvi ya akwariamu, sio ya mezani na sio ya mawe
- Mawe, mchanga wa matumbawe kilo tatu au nne, na ndoo mbili mpya ambazo hazijawahi kuona sabuni

Umeona sijaandika hita. Kama unaishi Arusha au Nairobi nunua, ukiwa pwani iache kwanza.

Vipimo vya kukata

- Sakafu: sm 45.4 × 30.4, kipande 1
- Mbele na nyuma: sm 45 × 32, vipande 2
- Pembeni: sm 28.4 × 32, vipande 2
- Fremu ya juu: sm 45.4 × 30.4, kipande 1, katikati itobolewe dirisha la sm 35 × 20

Vipande vya pembeni vinakaa katikati ya mbele na nyuma, ndio maana ni vifupi, umetoa unene wa shiti mbili. Sakafu na fremu vimezidi milimita mbili mbili kila upande ili baadaye upige msasa vilingane na kuta. Fremu ya juu sio urembo. Bila hiyo kuta zinafura kwa nje kila siku kidogo kidogo mpaka mwungano uachie. Na kona za lile dirisha ziwe za mviringo, kona kali ndipo ufa unapoanzia, mwambie fundi azungushe angalau kwa sentimita mbili na nusu.

Hatua ya 1: Nunua akriliki sahihi

Kuna ya kasti na kuna ya ekstrudi (iliyosukumwa na mashine ikatoka shiti). Kwa macho zinafanana ila ya ekstrudi ukiikata inayeyuka na kunata kwenye meno ya msumeno, na ikiguswa na gundi inaweka vinyufa vidogo vidogo kwa urahisi. Ya kasti inatoa unga na vipande vikavu. Muulize muuzaji, na kama hajui omba akukatie kipande kidogo ukijaribu mwenyewe. Vipande vilivyobaki kwa mafundi wa mabango mara nyingi ni vizuri tu na bei inaongeleka, ila angalia kama havijakaa juani miaka vikawa na unjano.

Hatua ya 2: Kata, na usikubali leza

Hapa watu wengi wanaumia bila kujua. Fundi wa mabango ana mashine ya leza, anakukatia dakika tano, ukingo unang'aa unapendeza, unarudi nyumbani umefurahi. Ule ukingo umechomwa, ndani yake una mkazo, na gundi ikiugusa unapasuka vinyufa kama vya utando. Leza sawa kwa herufi za bango, kwa tenki la maji hapana. Mwambie akate kwa msumeno wa meza wenye meno madogo au kwa mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, yenye kisu cha kuzunguka, na aache karatasi ya kinga isitolewe. Na akitaka kukung'arishia kingo kwa moto mkatalie pia, sababu ni hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Kingo, kingo, kingo

Ukinisikiliza jambo moja tu kwenye mwongozo huu liwe hili. Nguvu ya tenki haiko kwenye gundi, iko kwenye kingo. Hii gundi nyepesi haizibi nafasi, inayeyusha tu pale ambapo akriliki imegusana na akriliki, kwa hiyo penye mwanya hata mdogo pamebaki wazi.

Zungushia msasa kwenye kile kipande cha kioo, ulowanishe, na usugue ukingo kwa mwendo mrefu ulionyooka, anza 220, kisha 320, malizia 400. Usisugue kwa mkono mtupu maana vidole vinabonyea na ukingo unakuwa wa duara, na ukingo wa duara hauna dawa zaidi ya kuanza upya. Shika kipande kimesimama wima kabisa, ukiweza funga kipande cha mbao nyoofu kando yake kikuongoze.

Kupima: simamisha kipande juu ya kingine, shuka macho usawa wa mwungano, weka taa ya simu upande wa pili. Mwanga ukipenya mahali, rudi kwenye msasa. Vipande viwili vya pembeni viweke pamoja vikigusana uhakikishe vina urefu sawasawa, tofauti ya nusu milimita tu itakusumbua tenki zima. Kazi hii itakula siku nzima, iache iile.

Hatua ya 4: Panga siku ya kuunganisha

Chagua siku kavu. Wakati wa masika, au asubuhi yenye unyevu mwingi, gundi ikivukiza inapoza akriliki, mvuke wa hewani unaganda pale na mwungano unakuwa mweupe na dhaifu. Mchana wa jua, kivulini, penye hewa ya kutembea ila sio upepo wa kupeperusha vumbi, hapo ndipo.

Tahadhari hapa ni ya kweli. Gundi nyingi za aina hii zina dikloromithani. Usifanyie chumbani, usifanye karibu na jiko la mkaa wala mtu anayevuta sigara, kwa sababu mvuke wake ukikutana na moto unageuka kuwa hewa ya sumu. Vaa miwani. Glavu nyembamba za hospitali inapenya haraka, kwa hiyo ikikumwagikia mkononi vua glavu na unawe saa hiyo hiyo. Watoto wawe mbali.

Hatua ya 5: Kuunganisha kuta

Kanuni ni moja: mwungano unaopakwa gundi uwe umelala chini, usawa. Usijaribu kupaka mwungano uliosimama wima, gundi itashuka yote.

Banua karatasi ya kinga sentimita tatu tu kandokando ya kingo, kwingine iache ilinde. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu laini. Usifute kwa spiriti wala dawa ya vioo, hasa zenye amonia, akriliki inapasuka vinyufa.

Laza kipande cha nyuma mezani. Simamisha vipande viwili vya pembeni juu yake, kimoja kila mwisho, uvishikilie kwa masking tepu na upime pembe kwa skwea. Sasa chomeka zile nyuzi za shaba chini ya ukingo, kila baada ya sentimita tano, mwisho wake ubaki nje uweze kuuvuta. Zinainua kipande kidogo sana, kiasi cha gundi kuingia.

Vuta gundi kwenye bomba la sindano, usiiache humo muda mrefu kwa sababu mpira unavimba na kukwama. Pitisha sindano taratibu upande wa ndani wa kona ukiminya kwa mkono mwepesi. Utaiona gundi inakimbia yenyewe ndani ya mwungano, sehemu iliyokuwa na weupe weupe inageuka angavu kabisa kana kwamba vipande vimekuwa kimoja, fuata hiyo rangi mpaka mwisho. Subiri sekunde 30 hadi 45 uso ulainike, kisha vuta nyuzi moja moja kwa upole kuanzia mwanzo. Kipande kitakaa chini kwa uzito wake.

Usikandamize! Watu wanafunga vibano kwa nguvu zote wakidhani ndio uimara, wanachofanya ni kuikamua gundi yote itoke, mwungano unabaki mkavu. Weka kitu chepesi juu, kama kitabu kimoja, na uondoke. Usiguse kwa saa tatu hivi.

Vipovu vidogo vilivyotawanyika havina shida. Kipovu kirefu kinachotoka ndani mpaka nje ya ukingo hicho ni njia ya maji, sindano tena papo hapo kabla hakijakauka.

Kisha laza kipande cha mbele mezani, geuza ulichokiunga ukisimamishe juu yake, rudia. Sasa una boksi lisilo na sakafu wala juu.

Hatua ya 6: Sakafu na fremu

Piga msasa kingo za chini za boksi zote nne kwa pamoja: laza msasa kwenye kioo au meza ya marumaru na uzungushe boksi juu yake mpaka kote paguse. Simamisha boksi juu ya sakafu, nyuzi, sindano, subiri, vuta. Kesho yake lipindue kichwa chini juu ya fremu, fanya vile vile. Likishakauka siku mbili sawazisha kile kilichozidi nje.

Ukitaka kupitisha Weld-On 16 kwenye kona za ndani pitisha, ni bima. Haiponyi mwungano mbovu.

Liache wiki nzima kabla ya maji. Harufu ya gundi iwe imeisha kabisa.

Hatua ya 7: Jaribio la maji

Liweke nje au bafuni, juu ya ubao ulionyooka na foma, magazeti makavu pembeni. Akriliki inataka kushikiliwa chini yote, ukiliweka juu ya meza yenye bonde sakafu inapinda. Jaza nusu, siku moja. Jaza mpaka chini ya fremu, siku tatu. Gazeti likilowa utajua ni upande gani. Pima katikati ya ukuta wa mbele kabla na baada ya kujaza, kufura milimita moja ni kawaida, kukiongezeka kila siku simama.

Hatua ya 8: Mahali na umeme

Likijaa maji, mawe na mchanga litafika kilo 45, kwa hiyo sio meza ya plastiki. Mbali na dirisha la jua, mbali na jikoni penye mvuke wa mafuta. Waya zote zishuke chini kuliko soketi kisha zipande tena kuingia, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni na sio kwenye soketi. Ekstensheni itundikwe ukutani. Maji chumvi na umeme havina masihara, kama nyumba yako haina sakiti breka inayokata umeme ukivuja mwite fundi aiweke.

Hatua ya 9: Mawe

Huna haja ya kubomoa chochote baharini. Sehemu kubwa ya ukanda wetu imekaa juu ya matumbawe ya kale, ndio yale mawe ya kuchimba nchi kavu yaliyojengea Mji Mkongwe na nyumba za zamani za Mombasa. Nenda machimboni, tafuta mapande mepesi yenye matundu mengi, hayo matundu ndiyo nyumba ya bakteria watakaosafisha maji yako. Kilo nne au tano. Yasiwe yameguswa na simenti wala oili. Yasugue kwa brashi ngumu, uyaloweke kwenye maji baridi wiki mbili tatu ukibadilisha maji, mpaka yasitoe vumbi.

Kung'oa matumbawe hai au kubeba mawe kutoka Bongoyo, Mbudya, Mafia, Malindi au Watamu ni kosa kisheria, hizo ni hifadhi, Malindi na Watamu tangu 1968, Mafia tangu 1995. Na zaidi ya sheria, matumbawe ya ukanda huu yalikufa kwa wingi mwaka 1998 bahari ilipopata joto, yaliyorudi yamerudi polepole sana. Tenki la sebuleni halistahili kipande hata kimoja cha hayo.

Panga mawe kwenye sakafu yenyewe kwanza, mchanga baadaye, ili kiumbe akichimba mawe yasianguke. Acha sentimita tano kati ya mawe na kuta, mkono wako upite kusafisha bila kuchubua.

Hatua ya 10: Maji

Njia mbili. Ya kwanza na ninayoipendekeza kwa anayeanza ni kuchanganya mwenyewe: maji ya RO (yaliyochujwa kwa mashine mpaka karibu madini yote yametoka) na chumvi ya akwariamu gramu 35 hadi 38 kwa lita, kwenye ndoo yenye pampu, usiku kucha, ndipo upime. Refraktomita isome 35 (sehemu za chumvi kwa elfu), au 1.026 kwa kipimo cha uzito wa maji. Maji ya bomba yana klorini na ya kisima cha Dar mara nyingi yana chumvi chumvi yake na uchafu usioujua, yote yaache. Sehemu zinazojaza maji ya kunywa nyingi wana RO, nenda na kipima TDS (kinachoonyesha madini yaliyoyeyuka kwenye maji), kikisoma chini ya 5 chukua, wengine wanarudishia madini hayo hayatufai. Na tafadhali usinunue maji ya betri kwa kudhani ni maji safi, chupa nyingine za jina hilo ni asidi.

Ya pili ni maji ya bahari yenyewe. Yanafaa ukiyachota kwa boti nje kabisa, maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto, na sio wiki ya mvua. Chuja kwa kitambaa kizito, weka gizani kwenye ndoo yenye pampu wiki moja au mbili, pima chumvi. Ukichota ufukweni mjini unaleta nyumbani maji ya mifereji.

Hatua ya 11: Kuivisha tenki

Washa pampu, zima taa. Tupia kipande kidogo cha nyama ya kamba mbichi (yule wa baharini), saizi ya kidole gumba, kwenye mfuko wa wavu. Kikioza kinatoa amonia, bakteria wa kwanza wanaila na kutoa naitraiti, wa pili wanaila hiyo na kutoa naitreti ambayo haina ukali mkubwa. Nadharia yote ndio hiyo.

Pima kila baada ya siku mbili tatu. Amonia itapanda, itashuka, naitraiti itapanda, itashuka. Kwa mawe makavu hii inachukua wiki nne mpaka sita na wakati mwingine zaidi. Amonia ikionekana vizuri kwenye kipimo toa kamba, usisubiri tenki zima linuke. Limeiva pale ambapo unaongeza chakula kidogo na kesho yake amonia na naitraiti zote zinasoma sifuri. Badilisha nusu ya maji, ndipo uwashe taa, saa sita kwa siku kwanza, mwanga mdogo, panda taratibu hadi saa nane.

Hatua ya 12: Joto na uvukizi

Lengo ni nyuzi 25 hadi 27. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, sebule ya Dar bila kiyoyozi inapita 30 mchana na tenki dogo linafuata. Weka zile feni mbili zipulize juu ya uso wa maji, kwa kuyavukiza zinashusha nyuzi mbili hata tatu, ila siku zenye unyevu mwingi zinashusha pungufu ya hapo. Usifunike tenki kwa kifuniko kizima, weka wavu.

Sasa kwa kuwa maji yanavukiza na chumvi haivukizi, lita moja ikitoka kwenye 30 chumvi inapanda kutoka 35 kwenda zaidi ya 36, kwa siku moja au mbili tu. Weka alama ya tepu kwenye ukuta wa tenki, na kila asubuhi rudishia mpaka alama kwa maji ya RO matupu. Sio maji chumvi! Hili kosa linaua matenki mengi madogo kuliko ugonjwa wowote.

Hatua ya 13: Viumbe

Kwanza konokono watatu wanne wa kula mwani, ukungu wa kahawia ukishatokea kwenye mchanga. Wiki mbili baadaye tumbawe laini moja, ksenia au diskosoma, kutoka kwa mfugaji mwenzio aliyekata kipande chake au duka lenye kibali. Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vya porini), ukiletewa kutoka nje lazima yawe na karatasi, na kwa mwanzo huyahitaji.

Zoanthidi, jamaa wa matumbawe zinazofanana na maua madogo, ni nzuri na zinavumilia, lakini baadhi zina palitoksini, sumu kali mno. Glavu na miwani kila unapozishika, na jiwe lenye zoanthidi usilichemshe kamwe wala kulimwagia maji ya moto, mvuke wake umeshalaza watu hospitali.

Samaki mwisho, na mmoja, wa aina ambayo hata akikua haizidi sentimita tano, gobi mdogo anafaa. Kangaja, bunju, kikande au chewa mchanga usibebe hata kama leo ni mdogo kama kidole. Lisha kidogo mara moja kwa siku.

Kila wiki

Badilisha lita tatu za maji, kwa tenki la saizi hii hiyo inarudisha kalsiamu na madini mengine bila kununua chupa za dawa. Alkalini ikae 8 mpaka 9 kwa kipimo cha dKH (sio pH). Kuta zisafishe kwa kitambaa laini au kadi ya benki iliyoisha muda, sio brashi ya vyombo wala stili waya, na hakikisha hakuna punje ya mchanga iliyonasa maana moja tu inachora mstari mrefu usiofutika.

Mambo yakienda kombo

*Tone kwenye kona.* Toa maji yote, kausha siku mbili, ingiza gundi nyepesi kwa sindano kutokea nje, kisha Weld-On 16 ndani. Rudia jaribio la siku tatu. Likivuja tena mahali pale pale, ukingo ulikuwa mbovu, kata kipande kipya.

*Vinyufa kama utando kwenye mwungano.* Leza, spiriti, au akriliki ya ekstrudi. Haviponi. Vikiwa vichache na havisogei unaweza kuendelea ukiviangalia, vikiongezeka hamisha viumbe.

*Maji meupe kama ya maziwa.* Siku za mwanzo ni vumbi la mchanga, linatua. Likitokea baadaye ni bakteria, umelisha sana au kuna kitu kimekufa nyuma ya jiwe, kitafute, badilisha robo ya maji.

*Mwani wa nywele wa kijani.* Punguza saa za taa, punguza chakula, pima TDS ya maji unayorudishia, ng'oa kwa mkono wakati wa kubadilisha maji. Usikimbilie dawa.

*Tumbawe halifunguki.* Pima chumvi kwanza, joto la pili, alkalini la tatu. Mara nyingi jibu lipo kwenye chumvi. Kama vyote viko sawa lisogeze mbali na mkondo wa pampu na ulipe muda wa wiki moja, usilihamishe kila siku.

*Tumbawe linapauka.* Joto limepita 30 au taa ni kali. Shusha taa nusu, weka chupa ya barafu iliyofungwa vizuri ielee, itoe, irudishe tena, nyuzi moja kwa saa inatosha, kushusha ghafla kunamaliza kilichobakizwa na joto.

*Umeme umekatika.* Oksijeni ndiyo inayoisha kwanza, kabla ya kitu kingine. Nunua mapema pampu ya hewa ya betri na uiache karibu na tenki. Kama huna, chota maji kwa kikombe safi na uyamimine kutoka juu, dakika tano kila nusu saa, usilishe, na umeme ukirudi hakikisha pampu imewaka kweli maana nyingine zinanguruma bila kuzunguka, ichomoe, isafishe chembe za mchanga, irudishe.